Siku za hedhi na MRI ya matiti: si kila picha huyumbishwa na homoni

Wengi husema MRI ya matiti, yaani picha za ndani zinazopigwa kwa sumaku, ikifanywa nje ya wiki ya pili ya mzunguko wa hedhi ni kazi bure. Hiyo ni nusu ya ukweli, nayo inahusu picha zinazopigwa kwa gadolini, dawa inayodungwa mshipani ili tishu zing'ae pichani. Estrojeni huzifanya kuta za mishipa midogo ya damu zipitishe zaidi, hivyo dawa hupenya hata kwenye tishu isiyo na ugonjwa na kuing'arisha. Kati ya siku ya 7 na ya 14 mng'ao huo huwa hafifu, ndiyo maana vipimo visivyo vya haraka hupangwa hapo.

Picha za difyusheni ni habari nyingine. Hazihitaji dawa yoyote; mashine hupima jinsi molekuli za maji zinavyosogea katikati ya seli. Penye saratani seli hubanana, maji yakakosa pa kupita, na kipimo cha mwendo huo kikashuka. Mzunguko wa hedhi hukigusa kipimo hiki kidogo tu, kwa kawaida si kiasi cha kumbabaisha msomaji wa picha.

Wa kumbabaisha hasa ni unyonyeshaji. Maziwa yenye mafuta huzuia mwendo wa maji, na titi lisilo na tatizo likatoa kipimo cha chini. Baada ya ukomo wa hedhi pia kipimo huelekea kushuka, kwani mafuta huchukua nafasi ya tezi. Mambo hayo mawili mtajie mtaalamu kabla hujalala kwenye mashine. Na mwenye uvimbe mpya hapangiwi wiki: hupimwa upesi.