Ningu: samaki wa ziwani anayezaliwa mtoni

Ukiuliza kando ya Ziwa Victoria ni nini kilichommaliza ningu, mara nyingi utajibiwa: sangara. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, ila mpangilio wa miaka unalikataa. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na akaja kutapakaa miaka ya 1980. Kufikia hapo uvuvi wa ningu ulikuwa umeshaanguka zamani. Binadamu ndiye aliyetangulia, tena alimsubiri pale mto unapoingia ziwani.

Ningu, kwa jina la kitaalamu *Labeo victorianus*, ni wa bonde la Ziwa Victoria na maji yatokayo humo kuelekea Nile. Kwingine duniani hayupo. Mdomo wake umekaa chini ya kichwa, una midomo minene, na kazi yake ni kukwangua mwani na mabaki ya mimea yaliyogandia kwenye mawe na matope. Hali samaki wenzake. Ni nadra kuzidi sentimita 40.

Siri ya maisha yake imo katika mvua. Mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Mara na Kagera inapofurika, ningu waliokomaa hutoka ziwani kwa makundi na kupanda dhidi ya mkondo. Lakini hawatagi katikati ya mto wenye kasi. Huchepuka na kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko pembeni, na mayai yao huachwa huko, penye maji ya kina kifupi na chakula tele cha vifaranga. Maji yakianza kupungua, wakubwa kwa wadogo hurudi mtoni na hatimaye ziwani. Ndiyo maana tambarare inayofurika, ambayo mwenye shamba huiona kero, kwa ningu ni wodi ya wazazi.

Wenyeji waliijua safari hii tangu kale, wakaitegea kwa vikapu na uzio wa mafunjo. Walivua wengi, lakini wengi pia walipita. Mambo yalibadilika baada ya nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye mashavu, kuletwa ziwani mwaka 1905. Mwanzoni zililenga ngege, samaki wa jamii ya sato. Ngege alipopungua, matundu ya nyavu yakapunguzwa, na wavuvi wakahamia midomo ya mito. Hapo wavu ulimnasa jike akiwa amebeba maelfu ya mayai, siku chache tu kabla ya kutaga. Uvuvi wa namna hiyo hauachi mbegu, na sidhani kama kuna samaki anayehama kwa makundi angeuhimili.

Leo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) limemweka ningu katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Katika madaraja ya hatari, lililo juu yake ni la viumbe waliokwisha kutoweka porini. Na nyavu si tatizo pekee tena. Vinamasi vya mafunjo vinakaushwa kwa kilimo, kama ilivyotokea sehemu ya Yala. Udongo unaosombwa kutoka mashamba ya miteremko, hasa katika bonde la Nyando, hufunika mawe ambayo ningu hujipatia chakula. Mabwawa na kingo za kuzuia mafuriko nazo huweza kukata njia ya kupanda au kuufungia mto nje ya tambarare yake.

Watafiti nchini Uganda wamefanikiwa kumtagisha ningu kwenye vituo vya kuzalishia samaki kwa kumchoma homoni, na wafugaji wana hamu naye. Hilo ni jema, hasa likipunguza shinikizo mtoni. Lakini kumwaga vifaranga katika mto usio na tambarare ya kutagia ni kupoteza fedha. Pia ni busara wazazi wa vifaranga wanaopandikizwa watoke mto uleule, ili tusichanganye koo ambazo huenda zimezoea mito tofauti.

Tukiambiwa tuchague jambo moja la kuanzia, ushauri wangu ni kuondoa nyavu zote kwenye midomo ya mito wakati wa mvua za masika na za vuli. Vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, vinaijua midomo hiyo na vinajua nani hutega wapi. Kinachotakiwa ni zuio hilo kuanza maji yanapopanda, si baada ya ningu kuwa wamekwishapita.