“Huyu mbwa kaharibika”: tunayowasingizia mbwa walioachwa kituoni

Watu wakija kwenye kituo chetu cha kuhifadhi mbwa, hapa Dar es Salaam, kutafuta mbwa wa kufuga hupita mbele ya mabanda kama wanaochagua viatu Kariakoo. Anayerukia wavu huku akitikisa mkia anapendwa hapo hapo. Aliyejikunja kona ya nyuma, uso ukutani, asiyejali hata kunusa mkono wa mgeni, hukumu yake haicheleweshwi: “Huyu kaharibika.” “Huyu mgonjwa.” “Huyu ana kiburi.”

Wengi wa hao waliojikunja hawajatoka mtaani. Ni mbwa wa majumbani walioletwa na wenyewe. Mkataba wa kazi umeisha na familia inarudi kwao, mwenye nyumba mpya hataki mbwa katika uwanja wake, mzee aliyekuwa akimlisha amefariki na watoto wanaishi ghorofani. Mbwa aliyezaliwa mtaani akiingia bandani anashangaa, lakini huyu wa nyumbani amepoteza kila alichokijua kwa mchana mmoja. Yanayosemwa juu yake ni mengi. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, maana ndilo linalomkosesha nyumba.

Dhana: Anavyoonekana kituoni ndivyo alivyo

Sivyo, hasa siku za mwanzo. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Michael Hennessy walipima kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa kwenye msongo, katika damu ya mbwa waliokuwa vituoni. Siku tatu za kwanza ilikuwa juu kuliko ya mbwa waliokwisha kukaa humo muda mrefu, na juu zaidi ukilinganisha na mbwa waliopimwa majumbani kwao. Kwa hiyo unayemwona Jumamosi wakati aliletwa Alhamisi ni mbwa mwenye hofu. Tabia yake hujaiona bado.

Na hofu ina sababu. Mabanda ya kituo yanatazamana. Mmoja akibweka, wote wanaitikia, na kelele za ndani zinaweza kupita desibeli 100. Kuna harufu ya dawa ya kusafishia na ya mikojo ya mbwa asiowajua. Taa, saa ya chakula, sauti ya geti, mlio wa gari la baba likiingia saa moja jioni: vyote alivyovitumia kujua siku imefika wapi havipo.

Tulimpokea dume mmoja wa kahawia kutoka Mbezi Beach, sikio moja limekunjika, mpole wa kupitiliza. Hakukojoa. Asubuhi banda kavu, mchana kavu, na tumbo limeanza kukaza. Tukaanza kuzungumzia figo na nani ampigie daktari. Kijana anayesafisha mabanda ndiye aliyemfunga kamba akampeleka nyuma, penye mchanga chini ya mwembe. Mbwa alizunguka mara mbili, akainua mguu, na kijana akabaki amesimama anamsubiri mpaka akaanza kucheka. Kwao alikuwa na uwanja wa mchanga. Sakafu ya saruji aliijua kuwa ni baraza, na barazani alikuwa amefundishwa kwamba hapakojolewi. Tulichokidhania ugonjwa kilikuwa adabu.

Chakula nacho kilikuwa hivyo hivyo. Punje za dukani alizinusa akaziacha. Tulipompigia simu mama aliyemleta, alishangaa swali lenyewe: “Jamani, huyo anakula ugali wa dona na mchuzi wa dagaa, tena umpe kwenye sufuria, bakuli halijui.” Jioni ile sufuria ililambwa mpaka ikasogea ukutani.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbwa huyu jembe lake lisubiri. Wanaofanya kazi hii wana kipimo chao cha kukadiria: siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujisikia yuko kwao. Ni uzoefu wa watu, si sheria ya sayansi, na wapo mbwa wanaozoea haraka au kuchelewa kuliko hapo. Ila kinasaidia kumzuia mtu asitoe hukumu siku ya pili.

Dhana: Amesusa, anajua alikosea ndiyo maana wakamleta

Hii huwa inanichosha, kwa sababu humfanya mbwa mshitakiwa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, aliuchunguza ule uso wa “najua nimekosa”: masikio chini, macho pembeni, mkia umefyatwa. Aligundua kwamba mbwa huutoa pale mwenyewe anapomkaripia, awe amekosa au hajakosa. Uso ule ni wa kuogopa ukali wa mtu, toba haimo. Mbwa aliyeletwa hajui kwamba alitafuna viatu mwezi uliopita na leo ndiyo hukumu. Anajua gari liliondoka bila yeye.

Kutokula siku moja au mbili za mwanzo kwa mbwa mzima mwenye afya ni jambo la kawaida, mradi anakunywa maji. Usiliite kisirani. Lakini pia usilifanye kisingizio cha kumwacha: akitapika, akiharisha damu, fizi zikipauka, damu ikimtoka puani, au akiwa bado mtoto, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, huua watoto wa mbwa haraka sana, na homa zinazoletwa na kupe ni za kawaida katika pwani yetu. Huzuni haitoi damu puani.

Dhana: Mbishi, hasikii amri

Wakati mwingine hasikii kwa sababu hajawahi kuambiwa hivyo. Mbwa aliyelelewa Masaki na familia ya kigeni hajui “kaa!” wala “toka!”, hata ukipandisha sauti mpaka jirani achungulie. Jaribu mkono. Mbwa husoma mwili wa mtu kwa wepesi kuliko maneno, na wengi tayari wana ishara walizozoea. Na ukiona anapiga miayo wakati hana usingizi, anajilamba midomo na chakula hakipo, au anageuza uso ukimsogelea, anakuomba nafasi. Mpe.

Dhana: Akinguruma au kutoa mate, huyo ana kichaa

Hofu ya kichaa cha mbwa ina haki yake, wala sitaki mtu aipuuze. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutokana na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi unakatika. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo. Usipake vitunguu, usipake mafuta, usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa mwenyewe, kama yupo, hufungwa na kuangaliwa siku 10, kwa sababu aliyekuwa na virusi mateni wakati anauma huonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo.

Lakini kunguruma peke yake ni tahadhari tu. Mbwa aliyebanwa kona, mtu kamwinamia juu ya kichwa na kunyoosha mkono, ananguruma kusema “sogea.” Ni lugha ya staha kabisa kwa upande wake. Ukimpiga kwa hilo unamfundisha kwamba onyo halina faida, na siku nyingine atauma bila kupiga hodi. Mate mengi nayo huweza kutokana na joto, kichefuchefu cha kusafirishwa kwenye gari, au woga. Kinachotakiwa kuulizwa mlangoni ni kadi ya chanjo, na kama haipo, achanjwe.

Na mkia? Unaotikisika haumaanishi furaha kila mara. Ukiwa juu, mgumu, unatikisika kwa kasi ndogo huku mwili umekakamaa, usiingize mkono bandani.

Dhana: Dini inakataza kumshughulikia mbwa

Dar ni mji wa pwani, na swali hili linakuja kwa nia njema. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo ni suala la tohara. Halikuwa kamwe ruhusa ya kumtesa. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo mbichi kwa kiu, na akasamehewa dhambi zake. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wanaruhusiwa. Anayetaka kushika yote mawili anavaa buti na glovu, analisha kwa chombo maalumu, anajenga banda nje penye kivuli. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo na mbwa wao hawakupungukiwa kitu.

Dhana: Ukimbembeleza akiwa na woga unamlea vibaya

Woga hauongezeki kwa kufarijiwa. Akisogea mwenyewe, mpapase kifuani au ubavuni, polepole. Asiposogea, keti chini umpe mgongo, usome gazeti lako. Muziki wa taratibu pia husaidia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 2017 waliwapigia mbwa wa kituo aina mbalimbali za muziki, na rege ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha dalili za utulivu zaidi. Vijana wetu walilipokea hilo bila ubishi wowote.

Ukitaka kumpa kazi ya kufanya, huhitaji midoli ya dukani. Chukua kifuu cha nazi, shindilia ugali wenye dagaa ndani, muachie. Atahangaika nacho, na kuhangaika huko kwa pua na ulimi humtuliza.

Dhana: Anajinyonyoa manyoya, mpake oili chafu

Usithubutu. Oili ya gari iliyotumika ni sumu. Inapenya ngozini, na atailamba. Kujinyonyoa kunaweza kuwa msongo, viroboto au ukurutu, na kila kimoja kina tiba yake. Daktari wa mifugo atakwangua ngozi aangalie.

Dhana: Mbwa mzima hazoei mtu mwingine

Watu wanataka watoto wa mbwa tu, “nimlee mwenyewe.” Mwaka 2001 watafiti wa Hungaria waliwachukua mbwa wazima wa vituoni na kumpa kila mmoja mtu wa kukaa naye dakika 10, mara tatu tu. Baada ya hapo mbwa hao walianza kumfuata na kumtafuta mtu huyo kuliko mgeni mwingine. Dakika 30 kwa jumla! Tena mbwa mzima unajua ukubwa wake, unajua anabweka kiasi gani, na mara nyingi amekwisha kufundishwa mahali pa kukojoa, kama yule wa Mbezi. Kwa mtoto wa mbwa, hayo yote unabahatisha.

Wapo pia wanaosema mbwa wa kituo hawezi ulinzi kwa kuwa amewanyamazia wageni wote. Analinda nini, wakati banda si lake? Mpe uwanja, kisha subiri.

Dhana: Kuliko kumpeleka kituoni, bora nimfungulie ajitafutie

Mbwa wa nyumbani hajui kuvuka Barabara ya Morogoro wala kugombea jalala na waliozaliwa hapo. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inampa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Anayemleta kituoni akiwa na aibu usoni amefanya vizuri kuliko aliyemshusha Kigamboni usiku akaondoka.

Ila alete na habari zake. Jina analoitwa na watoto, si lile la kwenye kadi. Anakula nini, saa ngapi, kwenye chombo gani. Analala wapi. Anaogopa nini: fimbo, mvua ya radi, bodaboda, wanaume wenye kofia. Aliwahi kuuma au la, na hili lisifichwe, kwani likifichwa atakayeumia ni mtoto wa mtu. Alete na kanga au fulana ya nyumbani ambayo haijafuliwa, iwekwe bandani anapolala.

Dhana: Akifika kwako akalia usiku, hakupendi, mrudishe

Amehama mara ya pili ndani ya muda mfupi, basi. Mlaze mahali anapoweza kusikia watu wa nyumbani. Wageni wa kuja kumwona wasubiri, na harusi ya jirani yenye spika ikianza, muingize ndani. Kwa wiki za mwanzo mtoe kwa kamba hata ndani ya uwanja, na umwambie dada wa kazi, mlinzi na muuza maji kwamba geti lisiachwe wazi, maana akitoka atajaribu kurudi kwa wale wa zamani. Namba yako ya simu iandikwe kwenye kola kabla hajapanda gari kuondoka kituoni.