Sukari nyeupe haikupigwa jiki

Kila sukari inapoadimika, maneno huanza: ile nyeupe pee ni "ya viwandani", ina kemikali, haifai kuliwa na binadamu. Sasa anayesema hivyo, soda aliyoshika mkononi imetiwa sukari gani? Ni hiyo hiyo. Inaitwa ya viwandani kwa sababu hununuliwa na watengenezaji wa soda, biskuti na dawa za maji, wasiotaka rangi wala ladha ya muwa kwenye bidhaa zao. Tatizo lake ni la ushuru: huingizwa kwa nafuu ya kodi kwa kazi hiyo tu, hivyo ikipenyezwa madukani inawaumiza wenye viwanda vya ndani. Sumu haina.

Dai kwamba sukari nyeupe hung'arishwa kwa jiki nalo limeenea. Ukweli ni kwamba sukari yenyewe haina rangi; ukahawia ni molasi, ile shira nzito nyeusi ya muwa, iliyogandia juu ya chembe. Kule kwenye viwanda vya sukari vya Tanzania kama Kilombero au TPC Moshi, miwa hukamuliwa, juisi ikatiwa chokaa na kupashwa moto ili taka zishikane na kutuama. Juisi safi hupunguzwa maji, kisha huchemshwa ndani ya matangi yaliyonyonywa hewa, ambamo huchemka kwenye nyuzi 70 hivi, isije ikaungua. Chembe zikishaota, mashine huzizungusha kwa kasi, molasi ikachomoka. Hapo una sukari ya kahawia. Ukitaka nyeupe, unaiyeyusha upya, unaichuja, unaipitisha kwenye kaboni inayonasa rangi, halafu unaigandisha tena. Uvumi huu una kaukweli kadogo: viwanda vingine, hasa India, hung'arisha juisi kwa gesi ya salfa dioksidi. Jiki, hapana.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba mwenye kisukari akihamia ya kahawia amesalimika. Ya kahawia kwa kawaida ni sukrosi, yaani sukari yenyewe, zaidi ya asilimia 97. Nyeupe ni asilimia 99.9. Madini ya molasi yaliyomo katika kijiko kimoja cha chai ni kidogo mno kumsaidia mtu, na sukari ya damu itapanda vilevile.

Wapo pia wanaodhani makapi ya miwa hutupwa. Huchomwa kwenye boila, na mvuke wake ndio unaoendesha mitambo na kufua umeme wa kiwanda. Molasi nayo huchachushwa ikatoa spiriti, au huuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe.