Pikapu yenye kanopi kuwa gari ya kulala: yanayosemwa Unguja na Pemba, na yaliyo kweli

Kanopi ni kifuniko kigumu cha bodi ya pikapu, na ile ya kazi, yenye milango ya pembeni inayofunguka kwenda juu, ilitengenezwa kwa ajili ya mafundi. Fundi umeme aweke waya zake, fundi bomba aweke vifaa vyake, afunge kufuli, aende. Siku hizi watu wanaitazama kwa jicho jingine. Mwenye mikarafuu Pemba anataka pa kulala msimu wa kuchuma. Kijana anayepiga picha anataka kuamkia ufukwe wa Vumawimbi. Familia ya Mjini inataka kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya, bila kuhangaika na malazi. Wazo lenyewe ni zuri na mimi nalipenda sana. Kinachonisumbua ni kwamba ushauri mwingi tunaoufuata umetoka kwenye video za nchi za baridi, ambako gari hujengwa kumkinga mtu na theluji. Hapa kwetu hakuna baridi ya kupigana nayo. Kuna unyevu, chumvi na uzito, na dhana nyingi potofu ninazozisikia zimezaliwa kwa kuyasahau hayo matatu.

“Ziba kila tundu, bandika sponji nene, gari itapoa”

Sponji haipozi kitu. Kazi yake ni kuchelewesha joto lisipite. Mchana inasaidia, maana paa la chuma linalopigwa na jua la Februari huunguza mkono. Lakini ikifika usiku joto haliko nje tena, liko ndani pamoja nawe. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Weka wawili kwenye kanopi yenye nafasi ya mita za ujazo tatu au nne, ziba kila upande, na joto lao halina pa kutokea. Pumzi zao nazo zina maji. Maji hayo hutafuta bati lililopoa na kugeuka matone, na asubuhi unakuta dari inatona, shuka zimelowa.

Ukweli ni kwamba sponji inastahili kuwekwa chini ya paa tu, tena iwe ile ya vitundu vilivyofunga isiyonyonya maji. Sufi ya kioo, ile ya nyuzi za kuzuia joto, iache huko huko ilikotoka, kwa sababu ikishalowa kwenye hewa yetu haikauki, inaota kuvu ndani ya ukuta usikoweza kufika. Paa lipake rangi nyeupe. Pande ziache ziwe wazi. Daladala zetu za bodi ya mbao zilishalimaliza suala hili zamani: paa juu, pembeni kote upepo unapita, na mafundi wanaojua kuzijenga bado wapo.

Hapo ndipo milango ya pembeni ya kanopi ya kazi inapokuwa neema. Ukiufungua mlango juu unakuwa kibanda cha kukinga mvua nyepesi, na nyuma yake unafunga wavu kwa fremu nyembamba. Egesha kwa kufuata pepo. Kuanzia Disemba hadi Machi upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na miezi ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, hutoka kusini na kusini mashariki. Upande unaoelekea upepo uwe na tundu la chini, upande wa pili uwe na tundu la juu, na feni ndogo ya kutolea hewa ikae huko juu. Wavu wa kawaida unazuia mbu lakini usubi hupenya, kwa hiyo ukienda karibu na mikoko chukua wavu wa macho madogo zaidi. Wavu huo hupunguza upepo, na ndiyo sababu feni si anasa.

Godoro nalo lisikae juu ya plaiwudi tupu. Tumia mbao nyembamba zenye nafasi ya sentimita 3 baina yake, na kila asubuhi linyanyue lisimame kwa ubavu. Ukiliacha limelala wiki nzima wakati wa masika, upande wa chini utaota madoa meusi.

“Mkaa ukishaiva hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara”

Hii naomba isomwe mara mbili, kwa sababu inaua. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio huo huo unaotoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, moyo kumchafuka, halafu usingizi unamzidi, na kwa kuwa yuko kitandani hashangai. Jiko la mkaa haliingii kwenye kanopi hata kama mvua inanyesha, hata kama mlango mmoja uko wazi.

Chetezo pia kinahesabiwa. Wengi wetu tunapenda kufukiza udi kabla ya kulala, na sipingi, lakini kile ni kipande cha mkaa kinachowaka. Fukiza milango ikiwa wazi, kisha kitoe nje kabla hujajilaza. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ikae nje, upande upepo unakokwenda. Kifaa kidogo cha kutoa sauti kinapoitambua gesi hiyo kinauzwa na kinatumia betri. Kiweke karibu na kichwa.

Kuhusu gesi ya mtungi, watu husema ikivuja itapanda na kutoka dirishani. Sivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hushuka chini, na bodi ya pikapu iliyofungwa mlango wa nyuma ni beseni tayari la kuikusanya. Mtungi uwe ndani ya sanduku lake karibu na mlango wa nyuma, sanduku liwe na tundu chini kabisa linalotokeza nje ya gari, na humo usiweke betri wala swichi. Upikie nje, mlango wa nyuma ukiwa meza yako.

“Pikapu inabeba tani, kitanda na makabati si kitu”

Tukae hapa kidogo tupige hesabu. Tani moja ni ya pikapu nyingi za singo kebini, zenye mstari mmoja wa viti. Dabo kebini, zenye mistari miwili, hasa za magurudumu manne, mara nyingi hubeba pungufu ya hapo, nyingine kilo 700 au 800, na kwenye hesabu hiyo wamo watu waliokaa mbele. Sasa ongeza: kanopi ya chuma inaweza kufika kilo 150. Watu wawili, 140. Karatasi tatu za plaiwudi ya milimita 18, karibu kilo 100, maana moja tu huzidi kilo 30. Madumu mawili ya maji, 40. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), karibu 30. Friji na vilivyomo, 35. Godoro, jiko, mtungi, zana, nguo na mazagazaga mengine, 80. Hiyo ni 575, na bado hujanunua samaki.

Singo kebini itavumilia. Dabo kebini imebaki na nafasi ndogo, na uzito mwingi uko nyuma ya ekseli. Ukipanda na kushuka vilima na kona za Pemba utaona usukani umekuwa mwepesi, kwa kuwa magurudumu ya mbele yamenyanyuliwa mzigo. Fundi atakwambia aongeze springi. Springi itanyanyua mkia usikae chini, lakini breki, ekseli, tairi na chesi ni zile zile, na uwezo wa gari uliopigwa chapa kiwandani haubadiliki. Afadhali upunguze unachojenga. Fremu ya alumini au ya mbao nyembamba iliyovikwa plaiwudi ya milimita 9 inabeba watu wawili vizuri, kwa nusu ya uzito wa ile ya 18. Vitu vizito vikae chini na mbele, karibu na kebini. Juu ya paa usipange madumu wala tairi ya akiba kabla hujasoma mtengenezaji wa kanopi ameruhusu kilo ngapi wakati gari inatembea.

Kuna pia wanaoamini dabo kebini ndiyo bora kwa sababu ina viti. Kwa kulala, sivyo. Bodi yake ina urefu wa mita 1.5 hivi, na mtu mzima halali kwa mita 1.5 ila amejikunja. Singo kebini ina zaidi ya mita 2. Mwenye dabo kebini atalazimika kushusha mlango wa nyuma na kushona turubai la kuongeza urefu, na turubai hilo ndilo litakalovuja. Watoto wakae kwenye viti vya kebini na mikanda yao. Kitanda cha nyuma hakilaliwi gari ikiwa njiani.

“Betri ya gari inatosha, na inveta itapika hata wali”

Betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya usiku kucha mara kwa mara inakufa mapema, na siku moja utaamka porini Ngezi gari isiwake. Inahitajika betri ya pili, na kifaa cha kuitenganisha na ile ya injini. Kwa gari mpya ambazo altaneta yake, yaani mashine inayochaji betri injini ikiwaka, hupunguza chaji yenyewe, na kwa betri za lithiamu, tumia chaja maalumu iliyo kati ya betri mbili. Lithiamu iliyounganishwa moja kwa moja inaweza kuichemsha altaneta.

Matumizi ya siku moja kwa joto letu: friji ndogo ya volti 12 karibu Ah 40, feni usiku mzima 12, taa na simu 8. Jumla 60. Betri ya asidi ya Ah 100 haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo imekwisha kabla ya asubuhi ya pili. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo itakupa 80 au zaidi. Paneli ya wati 100 iliyolala juu ya paa, siku ya jua zuri, hurudisha karibu Ah 30, hivyo unahitaji wati 200, na siku za masika usizitegemee. Ama birika la wati 1500 kwenye inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hilo linataka ampea 125 kutoka kwenye betri ya volti 12. Pikia gesi.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si kule kwenye taa. Waya ndio unaolindwa. Waya uliochubuka kwenye ukingo wa bati, bila fyuzi, unawaka moto na wewe umelala juu yake.

“Bolti za stenlesi haziogopi bahari”

Zenyewe huenda zikapona. Kinacholiwa ni kanopi ya alumini iliyozishika. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye chumvi, ile dhaifu huliwa, na hapa dhaifu ni alumini. Angalia kuzunguka kichwa cha bolti: rangi huanza kuvimba kama lengelenge, ukiikwangua unatoka unga mweupe, na chini yake tundu limepanuka. Weka washa za nailoni, paka silikoni kwenye tundu kabla ya kukaza, na ukitoka Paje au Jambiani osha gari yote kwa maji matamu, chini ya chesi kwanza. Kisima cha karibu na pwani mara nyingi kina chumvi, kionje kabla.

Kuvuja nako watu hukutibu kwa kumwaga silikoni kila mahali. Chukua chaki, paka kwenye ukingo wa mlango, funga, fungua. Pale ambapo raba haikushika chaki ndipo maji yanapopita, na mara nyingi dawa yake ni kurekebisha bawaba.

Jambo moja linasahaulika kabisa: makomeo ya kanopi ya kazi hufunguka kwa nje tu. Kabla hujalala humo hata usiku mmoja, fundi aweke kamba au kitasa cha kufungulia ndani, kwenye milango miwili.

“Pwani ni pwani, egesha popote”

Kivuli cha mnazi si salama. Nazi huzidi kilo moja, na kuti kavu linatosha kutoboa paneli. Mvinje unadondosha vijiti vinavyoziba feni. Mchanga uliokauka leo usiku utakuwa bahari kama ni siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo tafuta mstari wa mwani mkavu na ukae juu yake mbali. Usiingize tairi kwenye maji yaliyokupwa, kule kuna mashamba ya mwani ya kina mama, na kasa hutaga juu ya fukwe.

Na hata pahali paonekane patupu vipi, pana wenyewe. Fika kabla ya magharibi, mwulize mtu wa kwanza nyumbani kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ni wapi, piga hodi, jieleze wewe ni nani na mmekuja wangapi, uonyeshe kitambulisho. Yeye ndiye atakayekwambia ulale wapi, na bomba la maji liko upande gani.