Nusu saa bila noti hata moja

Kila ninapoongoza muziki wa mchezo wa jukwaani hapa Mombasa, ugomvi wangu na mwelekezi huwa mmoja: yeye anataka kinanda kilie chini ya kila neno. Waigizaji wakizungumza dakika tatu mfululizo, anageuka kunitazama kana kwamba nimelala kazini. Mimi nasema tuwaache wazungumze. Tena wazungumze sana.

Shahidi wangu anatoka mbali, Broadway, mtaa wa kumbi za michezo huko New York. Mwaka 1969 ulifunguliwa huko mchezo uitwao 1776, nyimbo zake zikiwa za Sherman Edwards na mazungumzo yameandikwa na Peter Stone. Wajumbe wa makoloni 13 ya Amerika wamejifungia Philadelphia, kuna joto na nzi, wanabishana kama wajitenge na Uingereza. Katika onyesho la tatu ndani ya mchezo zinapita zaidi ya dakika 30 bila mtu kuimba wala chombo kulia. Inasimuliwa kwamba wanamuziki waliruhusiwa kutoka shimoni, pale okestra inapokaa mbele ya jukwaa, wakapumzike. Mchezo huo ulitwaa tuzo ya Tony ya mchezo bora wa muziki mwaka huohuo, na ulipigwa mara zaidi ya 1,200 kabla ya kushuka.  

Watu huhesabu zile dakika na kushangaa, wasiulize kilichoziba pengo. Kilichoziba ni ubao wa kura na kalenda, vyote viko ukutani mbele ya hadhira. Mjumbe mmoja wa Delaware anazidiwa na ugonjwa, anapelekwa kwao, na kura ya koloni lake inageuka papo hapo. Wajumbe wa New Jersey wanafika, hesabu inabadilika tena. New York kila ikiulizwa inajizuia, mpaka watu wanacheka. Kisha kura zinafungana juu ya kama uamuzi uwe wa kauli moja, na John Hancock, mwenyekiti, ndiye wa kuamua. Kila mtu ukumbini anajua Marekani ilijitenga, na bado macho hayabanduki kwenye ubao.

Sasa weka fidla chini ya mabishano yale. Muziki una upande. Ukipanda, umesema huyu atashinda. Ukishuka, umesema yule anadanganya. Mabishano ya kweli yanataka hadhira isijue bado, iyapime maneno yenyewe, na okestra ikinyamaza kazi hiyo ya kupima inabaki kwao.

Nikupe mfano wa hapa kwetu, wa aina ya ugomvi unaoweza kuusikia uani popote Kisauni. Wazazi wa pande mbili wamekaa, mjomba yuko pembeni na kikombe chake cha kahawa.

— Mahari mumeshakula.
— Tumekula na nani?
— Na huyu aliyenyamaza.

Hapo watu wote wanamgeukia mjomba. Kimya chake kina urefu wake. Kikiwa kifupi, hadhira haikupata nafasi ya kumtazama usoni. Kikizidi, wanadhani amesahau maneno. Mimi hukaa na penseli kwenye mazoezi, naandika vituo hivyo ndani ya skripti kama ninavyoviandika kwenye karatasi ya muziki. Mwelekezi akilazimisha kinanda pale, noti mbili tu za huzuni zitatosha kumwambia mtazamaji kwamba mjomba ameonewa. Mchezo umeisha, twende nyumbani.

Yuko pia mtunzi Leonard Bernstein na mchezo wa muziki West Side Story, mwaka 1957. Maria amesimama na bastola, mpenzi wake amekufa. Ungetarajia wimbo mkubwa kuliko zote, na Bernstein mwenyewe alijaribu kuutunga, akajaribu tena, hakufika mbali. Maneno aliyoyaandika Arthur Laurents yakabaki kusemwa tu. Kwa maoni yangu ndio uamuzi bora katika kazi ile yote, na ulitokana na wimbo uliokataa kutungika.

Sipingi muziki wa chini kwa chini. Katika Carousel, mchezo mwingine wa muziki wa mwaka 1945, mazungumzo ya wapenzi wawili kwenye benchi yanaingia na kutoka kwenye wimbo hata hujui lini waliacha kusema wakaanza kuimba. Lakini wale wanatongozana. Hakuna hoja inayopimwa.

Nasikia pia kwamba hadhira yetu haina subira ya maneno. Hadhira ipi? Hii iliyolelewa na filamu za Kihindi, saa nzima ya fitina za mama mkwe ndipo upepo uvume na mtandio upepee? Hii inayokaa kusikiliza washairi wakijibizana beti kwa beti bila ngoma? Subira ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo yaliyoandikwa vizuri, na hapo kinanda kinaitwa kufunika aibu ya mwandishi.

Ugumu wenyewe uko kwenye kurudi. Baada ya nusu saa ya maneno, sikio la mwimbaji halina noti ya kushika, na ukimpigia waziwazi, hadhira yote imejua wimbo unakuja. Mimi huificha noti ndani ya onyesho. Mchezo ukiwa wa bandarini, honi ya meli ya Kilindini inalia nyuma ya pazia, na honi hiyo naipiga mimi kwenye kinanda, kwa sauti ileile atakayoanzia. Kengele ya shule nayo hufaa. Wakati huohuo udi na fidla, kwa joto na unyevu wa pwani, vimeshatoka kwenye sauti yake. Wapigaji wawe na kile kifaa kinachobanwa kwenye chombo, kinachosoma mtetemo wa uzi. Watanyoosha sauti bila mtu kusikia.

Maiki za vyombo zizimwe muda wote huo, maana mvumo wa spika ambao huusikii muziki ukipigwa utausikia vizuri sana maneno yakibaki peke yake. Feni pia. Na kumbi nyingi tunazotumia hazina shimo la okestra: bendi inakaa ubavuni mwa jukwaa, machoni pa watu. Mpiga dumbaki akitoa simu, uso wake unang'aa kuliko wa mjomba. Simu zibaki nje, au bendi itoke kabisa na kurudi taa zinapopungua.

Mkicheza uwanjani Mji wa Kale, pigeni hesabu ya adhana ya isha. Ikiingia katikati ya wimbo, bendi inasimama na watu wanaelewa. Ikiingia mjomba akiwa amenyamaza, kile kimya hakitarudi tena usiku ule. Sisi siku hizi tunaanza saa mbili na robo, watu wakishasali.