Kufundisha hisabati kwa teknolojia darasani, maana yake nini hasa?

Siku hizi kikao cha walimu hakiishi bila mtu kusema "tutumie TEHAMA kufundishia", wazazi nao wanauliza shule ina kompyuta ngapi, halafu ukiingia darasani mara nyingi unakuta projekta inamulika ukutani maswali yaleyale yaliyokuwa yanaandikwa kwa chaki, mwalimu anasoma slaidi, wanafunzi wananakili. Hapo hisabati yenyewe bado haijaguswa, maana kazi ya mtoto ni ileile, kunakili.

Mimi nafundisha hesabu sekondari na hii dhana naielewa hivi. Kufundisha hisabati kwa teknolojia ya kidijitali ni kumpa mwanafunzi kitu cha kihisabati anachoweza kukibadilisha kwa mkono wake, iwe umbo, grafu au jedwali la namba, mashine ikamwonyesha palepale matokeo ya alichofanya, na yeye akabaki na kazi ya kufikiri: kwa nini imekuwa hivi, na ni kitu gani hapa kimegoma kubadilika hata nifanyeje. Hicho kilichogoma kubadilika ndo hisabati. Yaani nadharia karibu zote za jometri tunazokaririsha watoto ni taarifa za vitu vilivyogoma kubadilika.

Chukua pembetatu. Ubaoni nachora pembetatu moja, napima pembe, najumlisha, 180, wanaandika. Mtoto anaondoka na pembetatu moja kichwani na mara nyingi ni ileile iliyolala vizuri chini, yenye pande karibu sawa, ndo maana ukimpa iliyosimama kwa ncha anababaika. Sasa weka pembetatu hiyo kwenye programu kama GeoGebra, ambayo inaandika ukubwa wa kila pembe na jumla yake pembeni, mwite mwanafunzi ashike kona moja aiburute anakotaka, pembetatu irefuke, ibanwe, ipinduke, namba tatu zinakimbia zote lakini ya nne, 180, imesimama. Hapo darasa zima linataka kujua kwa nini, na swali la kwa nini likishatoka kwao wenyewe kazi ya mwalimu inakuwa nyepesi sana, unachora mstari unaopita kwenye kona ya juu sambamba na kitako cha pembetatu, unawaonyesha pembe mbili za chini zinavyojirudia pale juu kando ya ile ya tatu, zote zikajaza mstari ulionyooka, nyuzi 180, basi uthibitisho huo.

Na hapa nisisitize kitu ambacho wengi wanakiruka. Kuona kwenye skrini sio uthibitisho. Ukiiambia programu iandike pembe kwa namba kamili bila desimali, pembetatu yenye pembe 46.6, 67.7 na 65.7 itaandikwa 47, 68 na 66, mtoto akijumlisha anapata 181 na atakwambia mwalimu kompyuta imekosea. Usiharakishe kuzima hilo swali, ni zuri mno, ndani yake kuna somo la kukadiria namba na kuna sababu ya kwa nini wanahisabati hawaridhiki na kupima tu hata wapime mara milioni. Skrini inampa mtoto sababu ya kuamini na hamu ya kujua. Kuthibitisha kunabaki kazi ya kichwa na kalamu.

Wazo lenyewe la kuburuta sio la juzi. Miaka ya 1980 kule Grenoble, Ufaransa, Jean-Marie Laborde na wenzake walitengeneza programu ya jometri iitwayo Cabri, na Marekani Nicholas Jackiw akatengeneza Geometer's Sketchpad iliyotoka 1991, zote zilikuwa na jambo moja lililokuwa geni kabisa, umbo ulilochora unaweza kulivuta na likabaki na sifa zake. Halafu mwaka 2001 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg huko Austria, Markus Hohenwarter, akaanza GeoGebra kama kazi yake ya shahada ya uzamili, akaunganisha jometri na aljebra sehemu moja, ukisogeza mstari mlinganyo wake unabadilika, ukibadili mlinganyo mstari unasogea, na walimu wanaipata bure. Mwaka 2011 ikaja Desmos ya Marekani, nayo kwa grafu ni nyepesi sana kutumia. Hizi mbili ndo ninazoziona mikononi mwa walimu wengi.

Kuna jaribio moja la kuburuta nalipenda kuliko yote. Waambie wanafunzi wachore mraba. Wengi wataweka pointi nne kwa kukadiria na macho, wataunganisha, kwa kuangalia ni mraba safi kabisa. Waambie sasa vuteni kona moja. Umbo linapinda, linakuwa pembenne ya ovyo. Alafu onyesha mraba uliojengwa: mstari AB, mistari miwili inayosimama wima kwenye A na B kwa pembe mraba, duara lenye kitovu A linalopita B ili upande wa pili upate urefu uleule, ndo unapata kona ya tatu, na ya nne inafuata. Ukivuta A au B mraba unakua, unazunguka, unasinyaa, lakini unabaki mraba. Tofauti ya hizo picha mbili ni tofauti ya kitu kinachofanana na mraba na kitu ambacho ni mraba, na mtoto akiiona kwa mkono wake maana halisi ya mraba inaingia, hata ile sentensi ya kitabuni "pande zote sawa na pembe zote za nyuzi 90" inaanza kuwa na kazi, maana ndo maelekezo ya kuujenga. Nimeona wanafunzi waliokuwa wanasema jometri ni kukariri wanakaa kipindi kizima wanabishana kama rombasi yao (pembenne yenye pande zote sawa) itavunjika au haitavunjika, na huo ubishi ndo ninaoutafuta.

Kwa upande wa grafu faida yake iko kwenye muda. Kipindi cha dakika 40, ukichora kwa mkono na jedwali la x na y, unatoka na grafu mbili, tatu ukikimbia. Kwa grafu mbili mtoto hawezi kuona m na c zinafanya nini kwenye y = mx + c, anaona michoro miwili tofauti tu. Kwenye programu unaweka ile alama ya kuburuta ya m, inatoka 1 inakwenda 2, 5, inashuka 0, inaingia hasi 3, na mstari unazunguka kwenye sehemu moja bila kuondoka pale unapokata mhimili wa y. Kisha unaacha m unasogeza c, mstari unapanda na kushuka bila kubadili mteremko. Dakika tano, hapo wameshaelewa, dakika zilizobaki ni za maswali magumu.

Kwenye kwadratiki ndo kuna utamu zaidi. y = ax² + bx + c, wote wanakisia kwamba a inapanua au kubana, wako sawa, c inapandisha na kushusha, sawa, na b je? Karibu kila mtu atasema b inasukuma parabola, yaani ule mchoro wa kwadratiki, kulia na kushoto. Sogeza b uone. Weka a = 1 na c = 1: b ikiwa 0 kitako cha mchoro kiko (0, 1), b ikiwa 2 kiko (-1, 0), b ikiwa 4 kiko (-2, -3), na b ikiwa hasi 2 kiko (1, 0). Kinakwenda pembeni na kinashuka kwa pamoja, na ukiiambia programu iache alama kila kitako kinapopita, inachoreka parabola nyingine iliyopinduka, y = -x² + 1. Hata walimu wenzangu wa siku nyingi wanashtuka hapo. Kwa ubao na chaki kuligundua hilo kwa kipindi kimoja ni kazi kubwa, kwa programu anaweza kuligundua mwanafunzi wa nyuma kabisa, kisha mnarudi kwenye kukamilisha mraba, ile njia ya kuandika kwadratiki kama a(x + p)² + q, mnaona kwa nini imetokea.

Kwa takwimu na uwezekano nitasema kidogo tu, rusha sarafu mara 10 upate kichwa mara 7, hakuna ajabu, iambie Excel irushe mara 1000 uone inavyosogea karibu na nusu. Watoto wanapenda sana.

Sasa kuna vitu vinaitwa teknolojia ya kufundishia hisabati ambavyo ni vizuri lakini ni kitu kingine. Video za masomo, kama za Khan Academy, zinasaidia mtu aliyekosa kipindi au anayerudia, na kuna mfumo wa Kolibri unaokuwezesha kuweka masomo kama hayo kwenye kompyuta moja shuleni yakaonekana bila intaneti. Ila kwenye video mtoto anaangalia mtu mwingine akifikiri. Programu za mazoezi zinazosahihisha papohapo nazo zina kazi yake, hasa mahali ambapo mwalimu ana madaftari 100 ya kusahihisha. Na mkoani Tanga kulifanyika jaribio kubwa la shindano la Global Learning XPRIZE, kuanzia mwishoni mwa 2017, vijiji zaidi ya 100, watoto zaidi ya 2,000 walipewa tableti zenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, zinachajiwa kwa sola, na mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Kazi nzuri sana ile na naiheshimu, lakini ilikusudiwa mtoto ajifunze mwenyewe mahali ambapo mwalimu hafikiki. Darasani mwalimu yupo, kwa hiyo swali ni tofauti, ni namna gani kifaa kimsaidie mwalimu kuwafanya wanafunzi wafikiri pamoja.

Kenya walianza mwaka 2016 mradi mkubwa wa serikali wa kupeleka tableti kwa darasa la kwanza na laptopu kwa walimu wao. Maoni yangu, mtoto wa miaka sita anayejifunza kuhesabu bado anahitaji visoda, vijiti na mawe mkononi, kumi aishike ndo aielewe. Tableti ije baada ya hapo, na ije pamoja na mwalimu aliyefundishwa kuitumia kwenye somo lake, maana kujua kuwasha kifaa na kujua kufundisha sehemu, kama nusu na robo, kwa kifaa ni ujuzi mbili tofauti kabisa.

Mtu atasema haya ni ya shule zenye maabara ya kompyuta. Hapana jamani. Shule nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu na kompyuta hazipo, lakini mwalimu ana simu janja. GeoGebra ukishaipakua kwenye simu haihitaji bando tena, inafanya kazi bila mtandao. Ukipata projekta hata moja ya shule nzima, au televisheni ya ofisini yenye waya wa kuunganisha, inatosha darasa la watu 70. Kinachotakiwa ni utaratibu, na utaratibu ninaoutumia ni huu, kabla hakijasogezwa kitu chochote kila mtu anaandika kwenye daftari anategemea nini kitatokea, wanalinganisha na jirani, ndipo anaitwa mmoja aje asogeze, wengine wanamwelekeza. Usipowaandikisha kwanza wanaangalia kama sinema, wanasema "aaah" na wanasahau. Bila projekta kabisa, wagawe vikundi, kila kikundi kinakuja mezani kwa zamu wakati wengine wana swali la kufanya, inachosha lakini inawezekana.

Swali la mtihani nalo linakuja kila mara. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, Basic Mathematics, kikokotoo hakiruhusiwi, mtahiniwa anatumia majedwali ya hisabati, wakati Kenya kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, kikokotoo kisicho cha kuprogramu kinaruhusiwa. Kwa hiyo mwalimu wa Tanzania ana haki ya kuogopa kwamba watoto wakizoea mashine mkono utalala. Jibu langu ni kwamba programu ninazozungumzia hazimfanyii mtoto hesabu ya mtihani, zinamwonyesha kitu kinavyokwenda, na baada ya kusogeza anafunga skrini anachora ile grafu kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, safari hii akijua tayari inatakiwa ikae vipi, akikosea pointi moja anaishtukia mwenyewe.

Na ziko mada za kuachia mkono. Kugawanya kwa njia ndefu, kujumlisha sehemu, kutafuta vigawo vya namba, hizo mtoto azifanye mpaka zitulie. Wakati wa kugawa pembe katikati kwa bikari na rula mimi naanza na bikari, kila mtu na karatasi yake, matao yasipokutana arudie, na programu naifungua kipindi kinachofuata, pembe ifunguliwe na kufungwa mbele ya macho yao, tuulizane kwa nini ule mstari unapita katikati kila mara, na jibu liko kwenye zile pembetatu mbili zinazolingana walizozichora jana yake bila kuziona.