Kabla hujamwita mwenzako chawa, jua kwanza mnabishania nini

Watu wa Mbeya siasa tunaipenda, hilo halina ubishi. Nenda Mwanjelwa au Soweto asubuhi, kaa kwenye kijiwe cha kahawa wakati baridi bado ni kali, utasikia bajeti ya nchi inachambuliwa mpaka senti ya mwisho, na mimi kama mtu ninayefundisha elimu ya uraia napenda sana kuona hivyo. Kinachoniuma ni mijadala inavyoishia. Mwanzo watu wanaleta hoja, baada ya muda kidogo mmoja kashaitwa chawa, yaani mpambe wa wakubwa, mwingine kaambiwa katumwa na mabeberu, afu watu waliokuwa wanakunywa kahawa benchi moja wanapishana wiki nzima hawasalimiani.

Chukua ishu ya mbolea ya ruzuku. Ilianza msimu wa 2022/23, bei za mbolea zilikuwa zimepanda dunia nzima na huku kwetu mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile mbolea ya kupandia, ulishapita laki moja, serikali ikashusha mpaka elfu 70 kwa mkulima aliyejiandikisha. Kijana anasema ruzuku imetuokoa, mzee wa Umalila anasema ni hasara tupu, basi wanapigiana kelele kila mmoja akiamini mwenzake ni kipofu au kanunuliwa. Ukiwasikiliza vizuri unakuta mle ndani kuna maswali mawili yamechanganywa. La kwanza, mbolea ilimfikia mkulima kwa wakati au haikumfikia? Hilo ni swali la ukweli, lina majibu, kuna risiti, kuna wakala, kuna bwana shamba wa kata. La pili, hela ya serikali iende kwenye mbolea au iende kwenye barabara ya kutolea viazi shambani? Hapo hata mlete risiti gunia zima hamtamaliza, kwa sababu ni suala la nini kitangulie, na watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuangalia takwimu zilezile wakachagua tofauti bila yeyote kuwa msaliti.

Sasa yule kijana badala ya kupandisha sauti angemuuliza tu, "Shikamoo mzee, kwani wewe mbolea ya kupandia uliipata lini?" Mzee anajibu, "Mahindi yameshaota mwanangu, DAP niifanyie nini?" Yaani hapo mjadala umebadilika kabisa. Mzee wala hapingi ruzuku, analalamikia ucheleweshaji, na kijana anaweza kumkubalia hilo na bado akaendelea kuitetea ruzuku yenyewe. Nusu ya ugomvi wa kisiasa ninaousikia ni wa namna hii, watu hawajaulizana.

Kitu ninachowasisitizia sana watu kwenye mafunzo ni kwamba kabla hujajibu, rudia hoja ya mwenzako kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, hicho ndicho ninachosema. Kama mzee wako ni wa upande wa barabara, mwambie, "Kwa hiyo mzee unasema hela ni bora iende barabarani kwa sababu viazi vinaozea shambani, nimekuelewa?" Ni ngumu, nakubali, hasa kama una hasira, ila ukiweza utaona mtu anashusha mabega. Na msimbane mtu mbele za watu mkategemea akubali amekosea, nani anataka kuaibika mbele ya wanawe au wateja wake? Mwachie nafasi, mzungumze pembeni, kesho anaweza kuja mwenyewe na jibu tofauti.

Kuna wanaosema wachache wanyamaze, wengi wameshaamua. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi, na takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo tume ikapendekeza vyama vingi, sheria ikabadilishwa 1992, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995. Asilimia 20 walisikilizwa, wala hakuna aliyesema hawa ni wachache watupwe nje. Na ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, haijasema wenye kadi ya chama fulani tu.

Kwa wa vijijini, sehemu nzuri ya kuanzia kufanya haya ni mkutano mkuu wa kijiji ambao unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Mkifika pale msianze na nani ni wa chama gani, ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe, mlichokusanya kwenye ushuru na michango kijulikane, kilichotumika kijulikane, mkishakubaliana kwenye namba ndiyo muanze kubishana kama hela iliyobaki iende kwenye zahanati au kwenye darasa. Bishaneni sana tu hapo. Na mwenyekiti naye ajitahidi, aliyeongea mara mbili asubiri, akinamama waliokaa kule nyuma wapewe nafasi kabla wazee hawajafunga hoja.